Pikipiki Arobaini Nyuma ya Jeneza

Wazungu kumi wakipanda mlima kwa pikipiki, huo ni utalii. Vijana arobaini wa Ifakara wakimsindikiza mwenzao makaburini kwa pikipiki, hiyo ni vurugu. Sijui nani alikaa akayagawa majina hayo, ila najua yanavyokera ukiyasikia sebuleni kwako, kutoka kinywani mwa mtu uliyempikia wali mpya na kambale wa nazi.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mkazi wa Dar es Salaam, msomi, na katika mambo mengine mkarimu sana. Alikuja Viwanja Sitini, hapa Ifakara, kutuona, na mchana huo msafara wa bodaboda ulipita ukielekea mazikoni: honi juu, majani kwenye taa, kijana mmoja kashika msalaba kiti cha nyuma. Shemeji akauliza polisi wa mji huu wako wapi. Jioni, baada ya kula, akatoa simu na kutuonyesha picha za likizo yake. Yeye na rafiki zake walikodi pikipiki kubwa Munich, wakakatiza Austria, wakatokea Italia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akaumwa kichwa.

Picha zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na barabara ya Grossglockner, iliyofunguliwa 1935, ambayo inapita kwenye mita 2,504 juu ya usawa wa bahari, theluji imerundikwa kando hata jua likiwaka. Kulikuwa na Stelvio huko Italia, mita 2,757, yenye kona kali 48 upande mmoja tu wa mlima. Shemeji alitueleza na taratibu zao. Mbele hukaa anayeijua njia. Wa mwisho ni mzoefu, ndiye anayesimama mtu akipata pancha. Asiyezoea huwekwa karibu na kiongozi, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Kwenye njia panda hakuna anayeachwa. Wakipishana na waendesha pikipiki wasiowajua kabisa, huinua mkono kuwasalimia. Alilisimulia hili la mwisho kwa sauti ya mtu aliyegundua utu ng'ambo ya bahari.

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mchele. Akauliza, "Na huko kote, mlikuwa mnamsindikiza nani?"

"Hakuna, mama. Tulikuwa tunatembea tu."

"Basi mmekwenda mbali mno, mwanangu."

Tulicheka, lakini swali la mama lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani shemeji. Katika bonde hili la Kilombero watu hawafuatani barabarani bila sababu, na sababu zenyewe ni za kale kuliko pikipiki.

Anayekuja na basi kutoka Mikumi anaona mashamba ya mpunga na miwa, anadhani ameliona bonde. Hajaliona mpaka alipate masika. Udzungwa inatuziba upande mmoja, milima ya Mahenge upande wa pili, na katikati unalala mto Kilombero, ambao mvua zikikolea unaacha kuwa mto na kuwa ziwa. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Sisi umuhimu wake tuliujua kwa miguu iliyokwama kwenye tope. Humo mna viboko na mamba, na tembo hawakuwa hadithi. Mtu wa zamani hakutoka peke yake, awe Mndamba mwenye mtumbwi wake, Mpogoro anayerudi milimani Mahenge, au Mmbunga wa hapa hapa Ifakara. Alisubiri wenzake. Msimu wa kilimo ukifika familia nzima zilihamia mashamba ya mbali, zikajenga madungu, zikakaa miezi zikilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na zikarudi nyumbani baada ya mavuno. Zilikwenda kwa makundi na kurudi kwa makundi. Mtu akifia shambani, waliombeba kwa machela hawakuwa ndugu tu. Walikuwa kila mwanamume aliyekuwa karibu, wakipokezana, na wanawake nyuma yao na mizigo kichwani. Baadaye ikaja baiskeli, ikabeba wagonjwa na maiti vilevile. Huwezi kuuelewa msafara wa pikipiki kama huijui machela.

Na huwezi kuuelewa kama hukuwahi kusubiri kivuko.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hili ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu na kwa raha. Kabla ya daraja, anayekwenda Lupiro, Malinyi au Mahenge alifika mtoni akakaa. Akakaa saa moja, mbili, wakati mwingine nusu siku, kivuko kiko ng'ambo au kimeharibika. Pale mtoni ndipo tulipojuana. Mama lishe walikaanga samaki, harufu ikakufuata mpaka ndani ya gari. Ulimkuta mwalimu wako wa darasa la tatu, mganga, mnunuzi wa mpunga, mchungaji wa Kisukuma na ng'ombe wake, mtawa anayerudi kituoni. Mtu aliuliza unatoka kwa nani, unakwenda kwa nani, na kabla kivuko hakijagusa ukingo mlikuwa mmegundua kwamba shangazi yake aliolewa ukoo wa jirani yenu. Wafiwa walipitishwa mbele. Hakuna aliyetangaza kanuni hiyo; ukiona kanga zimefungwa kiunoni na macho mekundu, unarudi nyuma hatua tatu, hata kama ulifika alfajiri. Na wasiojuana na marehemu walisema pole, kila mmoja, kwa kumshika mfiwa mkono.

Sitaki mtu aniambie natamani kivuko kirudi. Januari 2016 kilizama, na hofu ya siku ile haijanitoka. Daraja la Magufuli, mita 384 za zege, lililozinduliwa 2018, limeokoa wajawazito na wagonjwa ambao mto ungewachelewesha mpaka wafe. Nilipiga vigelegele kama wengine. Lakini sasa mto unavukwa ndani ya dakika, mtu hakujui wala humjui, na mama lishe wengi wa pale wametafuta riziki kwingine. Hakuna aliyehesabu hiyo kuwa hasara kwa sababu haikuwa kwenye mchoro wa mhandisi.

Ndipo waliposhika nafasi hiyo vijana wa bodaboda, na hakuna aliyewatuma. Pikipiki yenyewe haikuanza nao. Babu yangu alisema pikipiki ya kwanza kuiona ilikuwa ya padri, mmoja wa Wakapuchini wa Uswisi walioanza kufika nchini miaka ya 1920, na kwamba watoto waliikimbilia kwa mlio wake. (Waswisi tunao siku nyingi. Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara yake hapa 1957, ndiyo iliyozaa taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana duniani leo. Kwao pia kuna njia za milima za kuendeshea pikipiki, Furka na nyinginezo, lakini sijasikia hata mmoja wao akituita wahuni.) Kwa miaka mingi pikipiki ilibaki ya padri, ya daktari na ya bwana shamba. Kisha zikaingia kwa wingi zile za China na India, bei ikashuka, na 2010 serikali ikatoa kanuni za pikipiki za biashara. Kijana aliyekuwa anasukuma baiskeli ya mkaa akawa na kijiwe.

Kijiwe kina mwenyekiti, katibu na daftari. Kina faini ya matusi na ya kumnyang'anya mwenzako abiria. Kina mchango wa ugonjwa, wa kuzaliwa mtoto na wa kifo. Hayo ya faini niyaache; yanayonigusa ni ya kifo.

Habari ya msiba ikifika kijiweni, abiria aliyekuwa anajadiliana bei anaambiwa asubiri au atafute mwingine. Daftari linafunguliwa. Mchango wa kwanza si wa sanda wala jeneza, ni wa mafuta, ili asiyekuwa nayo asiwe na kisingizio. Kisha vijana wawili watatu wanakwenda kukata matawi, ya mwembe au mwarobaini, yaliyo karibu, na kuyafunga kwenye taa na vioo. Ukiona majani hayo, jua pikipiki hiyo leo haiko sokoni. Ukiipungia mkono itakupita, na hupaswi kukasirika.

Aliyefariki akiwa dereva, pikipiki yake inaoshwa. Katika misiba niliyohudhuria, aliyeiendesha alikuwa rafiki wa karibu au deiwaka wake, yule aliyekuwa akimpokea kazi akichoka, na kiti cha nyuma hakikupakiwa mtu. Ilikwenda mbele ya zote, nyuma tu ya gari la jeneza. Pikipiki nyingine zilibeba akina mama: mmoja na mkeka, mmoja na sufuria kubwa imefungwa kwa mpira, mmoja na kiroba cha unga kati yake na dereva. Shemeji aliona vijana na honi. Hakuwaona wapishi wa msiba. Nani angewafikisha wale wanawake Lupiro kabla ya adhuhuri? Basi la kukodi ni bei ya magunia kadhaa ya mpunga, na mfiwa hana.

Yule wa mwisho katika msafara ana pampu, spana na viraka vya tyubu kwenye mfuko. Asiyezoea tope amewekwa katikati. Kwenye njia panda mmoja husimama mpaka wote wapite. Naam, shemeji, taratibu zilezile ulizolipia euro.

Dini haiulizwi. Muislamu huzikwa upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na Mkristo pengine husubiri ndugu kutoka mbali, lakini nyuma ya jeneza nimeona barakashia kichwani na rozari kwenye usukani vikienda sambamba.

Sasa niseme juu ya kelele, kwa kuwa ndiyo mashtaka makubwa. Wakikaribia makaburi, vijana huvumisha injini, wote pamoja, wakiwa wamesimama. Mgeni huziba masikio. Jamani, hawa ni wanaume waliolelewa wakiambiwa mwanamume halii. Sisi wanawake tuna vilio vyetu, tunajua kuvianza na kuvipokezana, na mtu akizimia tunajua nani wa kumpepea. Zamani ngoma za msiba ziliwapa wanaume pa kutolea sauti. Ngoma zimepungua, makanisa mengine hayazitaki, wazee waliozijua tumewazika. Kijana wa miaka ishirini na mbili aliyempoteza mwenzake wa kijiweni amebaki na nini mkononi isipokuwa ile pikipiki? Anailiza. Akimaliza, anazima, anavua kofia ngumu, anakwenda kushika koleo.

Harusi nazo zina msafara, matarumbeta kwenye pikapu na madereva wanaosimama juu ya viti kujionyesha. Zinapendeza, sina la kuongeza.

Kinachoniumiza si maneno ya shemeji peke yake. Ni kwamba kitu anachokitukana kinakufa wakati tunakitetea. Misafara inafupika. Dereva wa leo mara nyingi si mwenye pikipiki. Yuko kwenye hesabu, au kwenye mkataba, na bosi anataka fedha yake jioni awe na msiba au asiwe nao. Siku moja nyuma ya jeneza ni siku moja ya deni. Kwa hiyo wanatuma rambirambi kwa simu. Ujumbe unaingia, mfiwa anaona jina na kiasi, basi, imekwisha. Wengine hufunga majani, wakasindikiza mpaka darajani, wakageuza kurudi kuwahi abiria wa treni ya TAZARA au wa mabasi. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9 zilizotusubirisha miaka, imeleta madereva wasio na kijiwe, wanaopita tu, na hao ukiwaambia kuna msiba wanauliza wa nani.

Na ajali zipo. Sizikatai. Nimewaona vijana waliofungwa vyuma mguuni wakiota jua nje ya wodi, na nimewaona wanaopanda mishikaki, watatu kwenye kiti cha wawili, wakitoka mazikoni usiku bila taa. Huo ni uzembe, na kuuita mila ni kujidanganya. Wapo pia wanaojiunga na msafara wakiwa wamelewa, hawamjui marehemu, wanataka kupiga resi. Mwenyekiti wa kijiwe akiwa imara huwatoa. Akiwa legelege wanaharibu jina la wote, na shemeji anapata ushahidi.

Nirudi kwa Wazungu wa pikipiki. Mwaka 2007 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, walitoka Uskoti hadi Afrika Kusini kwa pikipiki, wakapita na Tanzania, wakiwa na magari ya vifaa na wapiga picha. Dunia ilikaa mbele ya televisheni ikasifu urafiki wao. Sina ugomvi nao. Ninachodai ni kwamba urafiki wa vijana wetu usihitaji kamera ndipo uonekane.

Sasa nasikia maneno ya kutaka misafara ipigwe marufuku mjini. Wanaoyasema nawaomba waje kwanza kwenye kikao cha kijiwe, si baada ya kuamua. Waje na trafiki mmoja wa kutangulia, kama anavyotangulia mbele ya viongozi wakija kuzindua kitu. Waje na kofia ngumu za abiria, maana hizo sisi akina mama tumezidai siku nyingi na kila tukizidai tunapewa semina. Mwendo upangwe, walevi watolewe, watatu kwenye kiti cha wawili washushwe; mimi mwenyewe nitakaa mlangoni kuwahesabu. Honi waziache.