Mfanyakazi akigeuka mshindani wa mwajiri: Sheria yasemaje?

WAKENYA wengi wanaoendesha biashara ndogo hawakujifunzia kazi darasani. Mwokaji mikate alijifunzia jikoni mwa mtu mwingine, fundi wa magari katika gereji ya mtu mwingine, na msusi katika saluni ya mtu mwingine. Siku ya kujitegemea inapowadia, biashara anayoijua ni ile ile ya aliyekuwa akimlipa mshahara.

Hapo ndipo uhasama huzuka. Mwajiri aliyemwita mfanyakazi wake mwanangu jana, leo humwita mwizi wa wateja. Hutoa vitisho vya kwenda mahakamani, huzuia malipo ya mwisho na kuwaonya wauzaji wa jumla wasimuuzie bidhaa. Wapo wanaofunga milango hata kabla ya kumpata mteja wa kwanza, akiba ya miaka mingi ikipotea, kwa kuogopa kesi ambayo pengine isingesimama.

Je, sheria humruhusu mfanyakazi kushindana na aliyemwajiri? Jibu kwa ufupi ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Kesi moja ya Uingereza, nchi ambayo Kenya ilirithi kwake sehemu kubwa ya sheria za mikataba, inaeleza jambo hili vyema. Fowler alikuwa meneja wa mauzo katika kampuni ya Faccenda Chicken, na ndiye aliyeanzisha mpango wa kuuza kuku kwa magari yenye majokofu yaliyozunguka kwa wateja. Aliondoka mwaka 1980 baada ya kushtakiwa kwa wizi wa kuku, shtaka ambalo baadaye aliondolewa.

Mwaka uliofuata alifungua biashara yake ya kuuza kuku kwa magari katika eneo lilo hilo. Wafanyakazi kadhaa wa kampuni hiyo walimfuata. Kampuni ilienda mahakamani ikidai kwamba majina ya wateja, njia za magari, siku za kupeleka bidhaa na bei zilikuwa siri zake.

Mahakama ya Rufaa ilikataa madai hayo. Ilieleza kwamba kuna tofauti kati ya siri halisi ya biashara, mathalan mbinu ya siri ya kutengeneza bidhaa, na maarifa ambayo mfanyakazi huyapata kwa kufanya kazi yake kila siku. Siri halisi hulindwa hata baada ya mfanyakazi kuondoka. Maarifa ya kawaida huwa sehemu ya ujuzi wake, naye huondoka nayo kichwani. Isitoshe, mkataba wa Fowler haukuwa na kifungu chochote cha kumzuia kushindana na kampuni hiyo.

Hata hivyo, kuna kesi nyingine ya zamani iliyokwenda kinyume. Mwaka 1895, mahakama za Uingereza ziliamua dhidi ya meneja wa mfanyabiashara wa ndege wa kuwindwa, ambaye kabla ya kuondoka alinakili majina ya wateja kutoka katika daftari la mwajiri wake ili ayatumie katika biashara yake mwenyewe. Kosa lake halikuwa kushindana. Kosa lilikuwa kutumia muda wa kazi kuchukua kwa siri mali ya aliyemwamini.

Kwa sababu hiyo, anayepanga kuondoka hafai kunakili orodha ya wateja, kupiga picha vitabu vya hesabu wala kujitumia nyaraka za kampuni kwa barua pepe. Vilevile hafai kuwashawishi wateja wahame naye wakati angali analipwa mshahara. Kujiwekea akiba, kutafuta chumba cha kukodi au kuulizia bei ya mashine siku ya mapumziko ni matayarisho tu. Kumpokonya mwajiri wateja ukiwa kazini kwake ni usaliti unaoweza kumfikisha mtu mahakamani.

Jambo la kwanza, basi, ni kuusoma upya mkataba wa kazi. Mikataba mingi huwa na kifungu kinachomkataza mfanyakazi kufanya biashara ya aina hiyo kwa muda fulani na katika eneo fulani baada ya kuondoka. Nchini Kenya vifungu hivyo husimamiwa na Sheria ya Mikataba Inayozuia Biashara, Sura ya 24.

Sheria hiyo haivifutilii mbali vifungu vya aina hiyo. Badala yake, huipa mahakama uwezo wa kutangaza kifungu kuwa batili iwapo hakina busara. Mahakama huangalia aina ya kazi, urefu wa muda, ukubwa wa eneo na mazingira yote ya mzozo. Kifungu kikimlinda mwajiri kupita kiasi, au kikiwa na madhara kwa umma, huweza kutupwa.

Kwa mfano, kumkataza msusi kufungua saluni popote nchini kwa miaka 10 ni vigumu kutetewa, kwani hatua hiyo humnyima riziki bila kulinda chochote cha haki. Lakini kumzuia meneja anayejua siri za kampuni asifungue biashara kama hiyo katika mtaa huo huo kwa miezi michache huenda kukakubaliwa. Ni kosa, kwa hivyo, kudhani kwamba kila kifungu kina nguvu, au kwamba hakuna chenye nguvu.

Namna ya kuondoka nayo ni muhimu. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba unataja muda mrefu zaidi. Anayetoweka bila notisi humpa mwajiri mwenye kinyongo sababu ya kumdai.

Kwa upande wake, mwajiri hawezi kukalia mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi eti kwa kuwa mfanyakazi amekuwa mshindani. Hata anayefutwa kazi papo hapo hustahili kulipwa haki zake hadi siku hiyo. Aidha, aliyefanya kazi kwa wiki nne au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi. Mwajiri anayekataa makusudi kukitoa anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili.

Madai ya kazi yanapaswa kuwasilishwa kabla ya miaka mitatu kupita. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa haki pia. Nakala za mkataba, hati za mshahara na barua ya notisi zinafaa kuhifadhiwa mahali salama.

Uhasama ukiendelea baada ya biashara kufunguliwa, zipo njia za kujitetea. Mwajiri akieneza uongo kwamba mshindani wake ni mwizi au bidhaa zake ni sumu, anaweza kushtakiwa kwa kumharibia jina. Lakini kesi hiyo ni sharti ifikishwe kortini katika muda wa miezi 12.

Nayo Sheria ya Ushindani ya 2010 hukataza kampuni inayotawala soko kutumia nguvu zake kuwafungia wengine mlango. Malalamishi hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hata hivyo, kupunguza bei au kuwahudumia wateja vizuri zaidi si kosa. Huo ndio ushindani wenyewe, na mgeni sokoni ajiandae kuukabili.

Jina la biashara nalo limewaponza wengi. Kuchagua jina, rangi au nembo inayofanana na ya mwajiri wa zamani ni kumkabidhi kesi mkononi. Ni heri kutafuta jina tofauti kabisa, kulisajili katika Huduma ya Usajili wa Biashara, na kusajili alama yake katika taasisi ya KIPI, ambapo usajili hudumu kwa miaka 10 na huweza kufanywa upya.

Leseni ya kaunti na ushuru havifai kupuuzwa pia, kwa kuwa mpinzani mwenye hasira huwa wa kwanza kupiga ripoti. Tangu Julai 2023, biashara nyingi ndogo zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia tatu ya mauzo.

Mwishowe, barua ya wakili wa mwajiri si hukumu. Anayeipokea asiitupe wala asifunge duka siku hiyo hiyo. Aipeleke kwa wakili wake pamoja na mkataba, kisha ajibu kwa maandishi. Aliyeondoka mikono mitupu, akibeba ujuzi wake pekee, huwa na mengi ya kujitetea nayo.