Ganzi ya Jicho Kabla ya Sindano

Askari aliyezoea mlio wa risasi huweza kurudi nyuma aambiwapo kwamba sindano itaingia ndani ya jicho lake. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye utando wa nyuma ya jicho lake umevimba, akiikimbia sindano, aweza kupoteza uwezo wa kusoma na wa kulenga shabaha, na mara nyingi uwezo huo haurudi wote.

Mwaka 1884 Carl Koller, daktari wa Vienna, alidhihirisha kwamba matone ya kokeini huondoa hisia za jicho. Kokeini ilikuwa na madhara yake, na baadaye zikapatikana dawa nyingine. Tetrakaini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huliwasha jicho kitambo inapotiwa. Proparakaini haiwashi sana, ila hutakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi, na hilo si jambo dogo umeme ukatikapo. Jeli ya lidokaini hukaa juu ya jicho kwa muda mrefu zaidi. Lakini ikitangulia iodini ya kuua vijidudu yaweza kuizuia isifanye kazi, kwa hiyo iodini haina budi kutiwa kabla ya jeli.

Ipi bora? Majaribio ya kuzilinganisha yameonyesha tofauti ndogo tu. Kwa maoni yetu lililo kubwa ni kwamba matone yarudiwe na dawa ipewe dakika zake, kwani sindano yenyewe ni nyembamba mno na humalizika kwa sekunde chache. Katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, kama popote pale, mgonjwa ana haki ya kusema, "Bado nahisi," kabla sindano haijachomwa. Jinja, kwa bahati njema, ndiko waganga wasaidizi wa macho wanakofundishwa.

Maumivu ya jioni hiyo mara nyingi huletwa na iodini. Hata hivyo, asiwepo wa kuchukua chupa ya ganzi kwenda nayo kambini: ikitumiwa mara kwa mara huzuia kidonda kupona na huharibu kioo cha mbele cha jicho. Na maumivu yakizidi siku zifuatazo, jicho likawa jekundu na kuona kukafifia, mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama yuko zamu.