Daudi alikasirika tu

Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la "Punch". Waandishi wanawake wa TAMWA hawakunyamaza. Walidai sheria, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana.

Tamari, katika 2 Samweli 13, aliambiwa na kaka yake anyamaze. Daudi baba yake alikasirika, akaishia hapo.

Huku kwetu Lisekese binti akienda chuoni tunamwombea na kumwusia adabu. Vema. Ila akihudhuria mdahalo wa jinsia, tunasema ameiga uzungu. Sasa mhadhiri akimtaka kwa nguvu, atampigia nani simu?