Bendi ya Njiwa

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kisa cha kweli cha bendi iliyozaliwa London mwaka 1971. Jina lake Cymande, na nembo yake njiwa, ndege wa amani.

Wanamuziki wake walikuwa vijana weusi wenye asili ya Guyana, Jamaika na St Vincent. Steve Scipio alipiga gitaa la besi, na Patrick Patterson gitaa. Walichanganya soul, funk, kalipso na ngoma za Marastafari, wakauita muziki wao Nyah-rock.

Marekani ikawapenda. Mwaka 1973 wimbo wao “The Message” uliingia kwenye chati za huko. Wakazunguka na Al Green, wakapanda hata jukwaa la Apollo, Harlem, walikopita magwiji wa muziki wa watu weusi. Lakini nabii hakubaliki kwao: waliporudi Uingereza, redio hazikuwajali. Baada ya albamu tatu, katikati ya miaka ya 1970, wakaweka vyombo chini. Scipio na Patterson wakasomea sheria, wakawa mawakili.

Mnadhani kisa kimekwisha? Bado! Chema chajiuza. Huko Bronx, New York, madijei walikuwa na ufundi wao. Dijei alichukua santuri mbili za wimbo mmoja. Kipande kitamu cha ngoma na besi kilipomalizika kwenye santuri ya kwanza, alikianzisha kwenye ya pili, huku ile ya kwanza akiirudisha nyuma kwa mkono. Kipande kifupi kikachezwa hadi watu wakalowa jasho! Wimbo wa Cymande uitwao “Bra” ulikuwa miongoni mwa vipenzi vyao, na katika dansi hizo ndimo hip-hop ilimozaliwa.

Mwaka 1989 kundi la hip-hop la De La Soul lilitumia kipande cha “Bra” katika wimbo wao. Mwaka 1996 kundi jingine, Fugees, wakatumia kipande cha wimbo mwingine wa Cymande, “Dove”, kwenye albamu yao The Score. Vijana wakaanza kuuliza: hawa Cymande ni akina nani? Wazee wakakusanyika tena, wakatoa albamu mpya mwaka 2015, na nyingine mwaka 2025.

Basi, wajukuu zangu, kazi njema isiposhangiliwa leo, msiione kuwa haina thamani. Nanyi mkiupenda wimbo, tafuteni majina ya walioupiga kwanza. Wana haki ya kutajwa wangali hai.