Usimlishe tumbili: ni hatari kwako na kwake

Familia nyingi za mjini zinapokwenda Diani, katika Kaunti ya Kwale, kwa mapumziko, hupenda kuwarushia tumbili na kima ndizi au vipande vya mkate. Je, kuna ubaya gani?

Mnyama wa mwituni akizoea kulishwa huacha kumwogopa binadamu. Siku asipopewa, hunyang'anya. Mtoto aliyeshika biskuti ndiye rahisi kuumwa au kuparurwa.

Jeraha la meno huingiza vijidudu ndani ya nyama. Laweza kutunga usaha au kuleta pepopunda. Tena kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu aghalabu huletwa na mbwa, lakini mnyama yeyote anayenyonyesha, tumbili akiwemo, anaweza kuupata na kuuambukiza. Dalili zikishaonekana, ni nadra sana mgonjwa kupona.

Kwa hiyo, aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Asipake majivu wala pilipili. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, ili daktari aamue kuhusu chanjo.

Mnyama naye huumia. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, hula hasa majani. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, mfano wa tumbo la ng'ombe, ambamo majani huchachuka polepole. Mkate na vitu vitamu huvuruga kazi hiyo. Kwa kima na tumbili, chakula cha watu huwavuta hadi barabarani, wakagongwa na magari. Shirika la kuwahifadhi mbega lililoanzishwa Diani mwaka 1997 limetundika madaraja ya kuning'inia juu ya barabara ili wanyama wavuke salama, na hupogoa matawi yanayokaribia nyaya za umeme.

Chakula chao halisi ni miti. Wazee wa Kidigo walilijua hilo zamani: katika msitu wa Kaya Kinondo, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, ni mwiko kukata mti.

Basi ukifika Diani, funika pipa la taka, funga dirisha la jikoni, na uwaeleze watoto kwamba tumbili hutazamwa kwa mbali. Mwenye kiwanja naye asikate mti wa asili bila sababu.