Mnanaha si Mnanaa: Kuutambua na Kuupanda Mtarumbeta

Lengo la makala hii ni kuwaeleza walimu na wanafunzi namna ya kuutambua mti mmoja wa mapambo, na kwa nini jina pekee halitoshi.

Mnanaa hutiwa katika chai. Mnanaha, yaani datura, ni mmea wenye sumu kali. Wazungumzaji wengi kutoka Kongo ya Mashariki, ambao ni wengi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aghalabu hudondosha sauti h: habari huwa abari. Hivyo maneno haya mawili huweza kusikika kama moja.

Mnanaha una ndugu apendwaye bustanini, Brugmansia. Hapa tutauita mtarumbeta, kwa umbo la ua lake. Linnaeus aliuweka katika jenasi moja na mnanaha mwaka 1753. Persoon akautenga mwaka 1805. Tofauti zao ni hizi:

(a) Shina: mtarumbeta ni mti mdogo wa miaka mingi, mnanaha ni mmea laini unaoota hata majalalani.

(b) Ua: la mtarumbeta huning'inia na kunukia zaidi jioni; la mnanaha husimama.

(c) Tunda: la mtarumbeta halina miiba, la mnanaha aghalabu linayo.

Asili ya mtarumbeta ni Amerika Kusini, nao hauvumilii jalidi. Ulaya huingizwa ndani wakati wa baridi. Mbarara, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, unaweza kukaa nje mwaka mzima. Kata kipande cha tawi lililokomaa, sentimita 20, ukichomeke kivulini katika udongo wenye samadi iliyooza. Nakivale ni kukavu zaidi, na majani yake mapana hunyauka upesi. Panda mvua zinapoanza.

Sehemu zote za mimea hii miwili zina atropini na skopolamini. Aliyeila hukauka kinywa, mboni hupanuka, moyo humwenda mbio, naye huweweseka. Apelekwe hospitali mara moja. Mwaka 2019, huko Karamoja, watu takriban 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe uliokutwa na sumu za aina hii. Kwa hiyo usiupande wanapocheza watoto, na unawe mikono baada ya kuukata.

Darasani, tumia picha, si mmea wenyewe. Wanafunzi watamke mnanaa na mnanaha, wataje majina ya lugha zao, kisha waeleze shina, ua na tunda. Majina yakigongana, sifa hizo ndizo zitakazoamua.