"Tamu Sana" Haimfai Mpishi

Lugha ya kukisifu chakula imekuwa nyepesi mno vinywani mwetu, na wepesi huo una gharama yake. Mtu akila akaridhika, husema "tamu sana". Asiporidhika, husema "si mbaya", akafuta kinywa, akaenda zake asirudi tena. Baina ya kauli hizo mbili hamna kitu, ilhali Kiswahili kimejaaliwa msamiati wa jikoni wa kutosha kumweleza mpishi yeyote, pasipo kumtusi, ni wapi hasa mkono wake ulipoteleza.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Katika mtaa wa Ngara, jijini Nairobi, kipo kijiduka kimoja kisichozidi upana wa kitanda cha watu wawili, ambacho biashara yake ni wali wa kukaanga wa kubeba. Hakina meza wala kiti. Mteja husimama dirishani, hulipa, hukabidhiwa wali wake ndani ya kikasha, naye akaondoka. Wanunuzi wengi ni wanafunzi, makarani na makanga wa matatu. Kando ya dirisha hilo limening'inizwa kwa uzi daftari la mistari lenye anwani "Maoni ya Wateja". Majuzi mauzo yalianza kushuka. Mwenye duka, mama wa makamo, alipojua kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, aliniomba nimsomee daftari lile "kwa macho ya mwalimu", maana yeye kila alipolifungua aliona sifa tu, na sifa zile hazikulingana na sufuria iliyokuwa ikirudi nyumbani jioni ikiwa imejaa nusu. Fauka ya hayo, alikwisha kumshuku kijana wake anayekaanga, mwanafunzi anayejilipia karo kwa kazi hiyo, kwamba ndiye aliyekuwa akiwafukuza wateja. Alikuwa amekusudia kumwachisha kazi mwisho wa mwezi.

Nililichukua daftari nikaenda nalo nyumbani. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa ya namna hii: "Tamu sana mama, endelea hivyo hivyo." "Iko sawa." "Namba wani." "Mungu akubariki." Mmoja alikuwa amejitahidi kuliko wenzake: "Nililamba vidole nusura niving'oe, na utamu ule ukanipandisha hadi kilele cha Mlima Kenya." Huyo, mpenzi msomaji, sina shaka ni zao la madarasa yetu. Sentensi yake haina kosa la upatanisho, imepambwa ikapambika, na haina hata neno moja la kumwambia mama yule kama wali wake ulikuwa mkavu au mbichi, wa moto au baridi.

Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kuwa wazungumzaji huongozwa na kanuni kadhaa wasizozitaja, na mojawapo ni kwamba mtu atoe habari kwa kadiri inayohitajika, isipungue wala isizidi. Ukimuuliza mtu hali ya wali naye akakujibu kwa dua, huenda amekwisha kukuarifu, kwa kimya chake, kwamba lipo jambo asilotaka kulisema. Mpishi asiyeisoma lugha ya kimya hudhani amesifiwa.

Adabu zetu nazo zina mkono wao katika jambo hili. Wengi tulilelewa tukiambiwa kuwa chakula cha watu hakitiwi ila. Mgeni hula alichoandaliwa, akashukuru. Adabu hiyo ni njema na sitamani kuiona ikifa. Lakini mteja si mgeni. Mgeni amekaribishwa, ilhali mteja amelipa. Na mwenye duka asipoambiwa ukweli na aliyelipa, ataambiwa na mwenye nyumba siku kodi itakaposhindikana. Kumnyamazia mtu wa namna hiyo kwa jina la heshima ni kumwacha ateketee polepole huku tukimtabasamia.

Hata hivyo, daftari lile halikuwa tupu kabisa. Niliyapata maandishi machache, mengi yakiwa mafupi na baadhi yakiwa na Kiswahili cha kutia mwalimu kichefuchefu, ambayo yalibeba habari. La kwanza: "Mchele ya Jumatatu imeshikana kama ugali." Kurasa chache mbele, mtu mwingine kwa kalamu nyingine: "Leo Monday tena ni bonge." Kisha moja lililoandikwa kwa herufi ndogo pembezoni mwa ukurasa: "Nilikula Ijumaa mchana, jioni nikatapika. Sina hakika kama ni hapa." Na la nne: "Zamani wali wako ulinukia kutoka barabarani, siku hizi haunukii. Huu si pishori."

Nilimrudia mama nikamuuliza maswali mawili matatu. Jumapili hafungui duka, wala Jumamosi hapabaki kitu. Kwa hiyo Jumatatu hupika asubuhi, na wali huo huo huingia karaini ukiwa ungali unatoa mvuke. Siku nyingine zote hukaanga wali uliolala. Hapo ndipo penye siri, na wenyeji wa pwani waliozoea kukaanga kiporo kwa kitunguu wakati wa chai ya asubuhi wanaijua bila kufunzwa. Wali ukipoa, wanga wake hukaza na unyevu wa juu hukauka, hivyo kila punje husimama peke yake ikutanapo na mafuta ya moto. Wali uliotoka jikoni sasa hivi haukaangiki, bali hugandamana. Kijana wa watu alikuwa akilaumiwa kwa makosa ya kalenda.

Lakini yule aliyetapika naye? Mama alikiri kuwa wali wa kulala huuacha ndani ya sufuria, juu ya meza, usiku kucha. Katika miaka ya 1970 nchini Uingereza watu kadhaa walipatwa na kutapika baada ya kula wali wa kukaanga ulionunuliwa katika mikahawa ya Kichina, na uchunguzi ukaonyesha kuwa wali huo ulichemshwa kisha ukaachwa bila kutiwa baridini. Bakteria anayehusika huitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Wali ukikaa saa nyingi katika joto la kawaida, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu ambayo hata kukaangwa tena hakuiondoi. Sidai kuwa ndilo lililomsibu mteja wa Ijumaa; mwenyewe alisema hana hakika, na uaminifu wake huo unanipendeza. Ila wali wa kiporo unatakiwa upoe upesi, ukiwa umetandazwa kwenye sinia, kisha uingie frijini. Friji ilikuwapo, imejaa soda.

Habari ya pishori ilikuwa nyepesi zaidi. Mchele unaoitwa pishori, ambao hulimwa Mwea katika kaunti ya Kirinyaga na ambao aina yake mashuhuri ni Basmati 370, husifika kwa harufu yake. Bei yake nayo si haba, na Kenya hula mchele mwingi kuliko inavyolima, basi wa kutoka ng'ambo umejaa madukani. Mama alikuwa amehamia kwenye mchele wa bei nafuu akidhani mafuta na viungo vitaificha tofauti. Vilimficha yeye peke yake.

Hapa nastahili kulitaja andishi moja zaidi, kwa kuwa lilikuwa limemliza. Mteja aliandika, "Chakula chako kinanuka!" akachora na uso unaocheka. Alikusudia kusifu. Maskini hakujua kwamba kunuka na kunukia, japo ni ndugu wa shina moja, hawaketi mkeka mmoja: waridi hunukia, samaki aliyeoza hunuka. Irabu moja iliyoachwa ikageuza sifa kuwa tusi. Nalo neno mchele hutumiwa na wengi jijini hata kwa kilicho sahanini, ilhali mpunga uko shambani, mchele uko gunioni na wali ndio unaoliwa. Sitaki kuonekana mchokozi kwa hilo, lakini mtu akiandika "mchele wako ni mbaya", mama atajuaje kama ubaya uko dukani alikonunua au jikoni mwake?

Maneno ya kumsaidia yapo tele. Wali usioiva ndani una kiini. Uliozidi maji ni mashendea. Usio na chumvi wala ladha ni chapwa. Uliolala ukaharibika umechacha. Punje zilizovunjika ni chenga, na zilizosalia na maganda yake ni chuya. Viungo vikitosha, chakula kimekolea. Kila neno hapo linamwonyesha mpishi mahali pa kushika: moto, maji, chumvi, muda, au muuzaji wa mchele. Neno "tamu" haliwezi kazi hiyo hata ukiliongezea "sana" mara tatu.

Mwalimu mwenzangu, hapa ndipo lawama inapotufikia. Kwa miaka mingi ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tuliwazoesha watoto kwamba insha ya chakula ni mate kudondoka, vidole kulambwa na tumbo kuvimba kama ngoma. Tukawapa alama kwa tashbihi, wala hatukuwauliza walikula nini. Aliyeandika "mchele ya Jumatatu imeshikana kama ugali" tungalimkata alama mbili za upatanisho, na bado yeye ndiye aliyeiokoa kazi ya kijana wa karaini. Simaanishi kuwa sarufi tuitupe. Mimi nala kwayo. Namaanisha kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili akipewa sahani ya githeri ya shule na kuambiwa aandike sentensi tano za kumsaidia mpishi, pasipo methali na pasipo neno "tamu", atatoka jasho, na jasho hilo lina manufaa.

Mama ameliondoa daftari la zamani. Katika jipya amepiga mistari akaandika maswali matatu juu ya kila ukurasa: umenunua siku gani, saa ngapi, na wali ulikuwaje. Kijana yupo bado. Jumatatu iliyopita nilipopita pale, mtu alikuwa ameandika: "Jumatatu, saa saba. Punje zimeachana vizuri. Vitunguu vimeungua." Kijana mwenyewe ndiye aliyenionyesha, huku akipunguza moto.